Ni Picha Tu, Sauti Hakuna

Apa kwanza. Weka kidole kwenye ulimi useme: nikilitoa hili nje, kahawa yangu ya mwaka mzima iwe chungu na kikombe changu kivuje. Umeapa? Haya, sogea. Aliyenipa habari hii aliniapisha kwa Biblia ya mkwewe, na yeye aliapishwa na mwingine, kwa hiyo siri imefungwa vizuri, inapita kwa watu wa kiapo tu. Wewe ni wa kumi na nne tangu Jumatatu.

Habari yenyewe ni ya Parfait, yule anayechaji simu za watu kule Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ambaye wote tunamwita Posta. Siku ya Alhamisi Posta alipokea kwenye simu sauti isiyokuwa yake, akaikalia. Mpaka Jumapili mchana alikuwa bado ameikalia, kama kuku anayeatamia yai la jirani, na benchi zima limekaa naye bila kujua kilicho chini yake.

Benchi hilo linaitwa Tribinali, kwa sababu kila mtu wa Rubondo huhukumiwa hapo, awepo asiwepo. Zamani lilikuwa la kanisani. Walipoletewa viti vya plastiki wakalitupa nje, na Posta akaliburuta mpaka mbele ya kibanda chake, chini ya ile sola yake yenye ufa. Mguu mmoja ni mfupi, umewekewa tofali. Jumapili ibada ya kwanza ikitoka, wanakaa kwa mpango ambao hakuna aliyewapangia: mwisho wa kulia Mwalimu Grégoire, anayeitwa Diploma, goti lake likiwa limenyooshwa njiani ili kila mpita njia aombe radhi, kisha Mariette muuza ndagala, ndiye Antena, kwa kuwa neno halimpiti hata likinong'onwa mbali kule Kabingo, kushoto Munyakazi, mkulima wa maharage mwembamba kama ufito, na kwa hiyo jina lake ni Tani Moja. Katikati Posta. Kando ya Posta huachwa nafasi ya mtu mmoja, na hata benchi lijae vipi, haikaliwi. Ni ya Nabintu, mama Benitha, anayekuja na birika la kahawa ya tangawizi na vikombe ndani ya beseni.

Kahawa ile ni shukrani. Binti yake Benitha aliondoka miaka tisa iliyopita kutafuta kazi ya upishi huko Mombasa, na namba ya Rubondo anayoijua ni moja tu, ya Posta, aliyeletwa hapo baada ya yeye kuondoka. Benitha hutuma sauti. Jumapili mama yake anakaa, Posta anachomeka waya wa masikio, kipande kimoja anaweka yeye, kimoja anampa mama. Waya wenyewe ni mfupi. Vichwa vinasogeleana mpaka kitambaa cha Nabintu kinamgusa Posta shavuni. Na Posta alifiwa na mke, huu mwaka wa sita, analala na makopo ya betri. Sasa umeelewa. Benchi lilielewa zamani. Asiyeelewa alikuwa Nabintu peke yake.

Sauti ya Alhamisi ilikuja na picha tatu. Posta aliisikiliza nyuma ya kibanda, peke yake. Kiswahili cha Benitha siku hizi kimenyooka, cha Mombasa. "Mama," alisema, "nimepata kazi ya kupikia watalii. Tuna magari mawili, tunalala kwenye mahema. Tulianza pwani, sasa tunatoka ziwa hadi ziwa. Jumapili tunapita Mbarara. Gari litasimama Ruti, njia ya Kabale, kwenye duka la mtu anaitwa Hamim, tununue ndizi na makaa. Nitakuwa pale tangu saa mbili asubuhi mpaka saa sita. Kufika Rubondo siwezi, gari si langu. Njoo, mama. Nimekuletea simu yako mwenyewe, tuwe tunaongea mimi na wewe, tusimsumbue tena Papa Parfait..."

Hapo akabonyeza, akaizima. Lile neno "tusimsumbue" lilimkaa kooni kama mwiba wa ndagala, ule ambao huuoni lakini kila ukimeza mate unaujua.

Alijiambia atasema kesho. Ijumaa akajiambia atasema kesho. Jumamosi Nabintu mwenyewe akapita kibandani na jembe begani.

— Posta, Antena anasema foto zilikuja. Sauti haiko?

Na Posta, mdomo ukiwa umetangulia akili, akajibu:

— Ni picha tu, mama Benitha. Sauti hakuna.

Uongo ukishazaliwa unataka kunyonya.

Basi Jumapili saa tatu Tribinali ikakaa. Posta alikuwa ameamka mapema akaiwekea simu ile alama ya ndege inayokata mtandao, isije ikalia mbele ya watu. Hesabu alikuwa nayo kichwani: pikipiki mpaka Kabingo, taksi mpaka Mbarara, mwendo wa saa mbili hivi kama barabara ni kavu. Akisema kabla ya saa nne, mama atamkuta binti. Akisema baada ya hapo, atakuta vumbi la gari.

Nabintu akamimina kahawa, akakaa mahali pake, akanyoosha mkono. Posta akampa simu na picha ya kwanza: mchanga mweupe, maji mpaka macho yanapochoka, na mahema sita ya kijani yamechuchumaa kama vyura. Mbele yake Benitha, mwiko mkononi.

— Ni yeye — akasema Nabintu. — Shingo imepunguka. Na ile nyuma yake ni nini? Ni hema?

— Hema! — Tani akaruka. — Leta nione.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Kila kidole kilichoteleza kwenye kioo kilimkata Posta pumzi, maana chini ya zile picha, nafasi ya kidole kimoja tu, ndiko sauti ilikokuwa.

— Benitha amekuwa mukimbizi tena — Tani akatoa hukumu. — Muntu mwenye nyumba halalake mu hema. Sisi tulilala mule miezi ngapi, Mwalimu?

— Saba.

— Na mvua.

— Na mvua — Diploma akakubali.

— Miezi saba na mvua. Kama kuna muntu anajua hema, ni miye. Vita imefika Mombasa.

— Redio haikusema vita — akasema Antena.

— Na ya kwetu redio ilisema? Tuliisikia mu redio tukiwa tumeshafika huku.

Hapo wote walinywa kidogo. Nabintu hakunywa. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza wa upande ule kujenga nyumba ya udongo; siku aliyoingia alilichukua lile shitingi, turubai la hema lake, akalikata vipande kwa kisu cha jikoni, akashona mifuko ya maharage, asije akaambiwa siku moja alale tena chini yake. Benitha ndiye aliyeshika ncha ya pili likikatwa. Alikuwa na miaka kumi na mmoja.

— Angalieni rangi, basi — Antena akasema. — Yetu ilikuwa nyeupe na maandishi. Hii ni ya majani. Ni ya basoda, ya jeshi. Mi nasema mutoto ameolewa na musoda.

— Antena, mama yake ako hapa — Tani akaonya.

— Nasema mbele yake ili nisiseme nyuma. Kuolewa ni zambi?

Diploma akasafisha koo. Alisomesha darasa la tatu kule kwao Fizi, Kongo, kwa miaka ishirini, na methali anazo kwa mafungu, ila hazikai kwenye mafungu yake.

— Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Maana yake? — akauliza Tani.

— Tezi na Omo ni miji miwili ya pale pwani. Moja juu, moja chini. Ngamani ni kambi ya mwisho. Mutoto ameshaipita ile miji yote.

— Omo si ni sabuni?

— Sabuni ilichukua jina mu muji, Tani. Ndiyo maana benzako tulikwenda shule.

— Mwalimu — Nabintu akasema, macho bado kwenye ile picha — marejeo si ni kurudia?

— Ni kurudia, mama.

— Basi anarudia.

— Anarudia mu kambi, mama. Ndiyo hivyo wahenga walisema.

Ng'ambo ya njia pikipiki ya Bienfait, mbeba abiria, ilikuwa imesimama, Bienfait mwenyewe amelala juu yake na kofia usoni. Saa tatu na nusu. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa. Simama, mama Benitha. Posta akafungua mdomo.

— Labda...

Wote wakamgeukia. Hata mbuzi wa Tani, aliyefungwa kando ya benchi, aligeuka.

— Labda nini, Posta?

— Labda ni vakansi.

Kicheko kilichotoka pale, watu wa ibada ya pili waligeuza shingo.

— Vakansi mu hema! — Tani akashika mbavu, na mbavu za kushika anazo. — Nani ataacha kitanda yake, aende kulala chini na mbu, kwa kupenda?

— Bazungu — Posta akasema, sauti ikipungua. — Banapendaka. Banalala mu hema, banaangalia ziwa, banaondoka, banaangalia ingine.

— Kwa kupenda?

— Kwa kupenda.

— Basi miye nilikaa vakansi miezi saba na sikuambiwa!

— Uliambiwa — Antena akasema — hukusikia, ulikuwa unaharisha.

Ukweli nusu ukichekwa unarudi tumboni. Wa Posta ulirudi, ukakaa juu ya ule mwiba. Nabintu peke yake hakucheka. Alimtazama Posta kwa upande, kama mtu anayetafuta jina la kitu alichokiweka mahali.

— Umejua wapi, Posta?

— Nini?

— Bazungu na maziwa. Umejua wapi, na sauti hakuna?

— Nimekisia tu.

— Mutoto wangu hajatuma picha bila sauti hata siku moja — akasema. — Alikuwa na malaria, akatuma. Alifukuzwa kazi, akatuma, akalia, akamaliza. Angalia tena.

— Nimeangalia, mama Benitha.

— Angalia tena, tafazali.

Posta akaichukua simu. Akaiweka kati yao wawili, akaziteremsha picha moja moja, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na ya tatu ilipopita, kidole gumba chake, kipana, chenye alama ya moto wa lehemu, kikalala juu ya ule mstari wa sauti kama mtu anayelala mlangoni.

— Unaona? — akasema. — Ni picha tu.

Kitambaa cha Nabintu kilikuwa shavuni mwake. Kilinuka moshi na sabuni. Siku nyingine zote alikuwa akiingojea harufu ile wiki nzima. Leo alitamani iondoke. Nabintu akaitikia kwa kichwa, akarudi kumimina.

Na saa nne ikapita hivyo, kimya, kama mgeni aliyebisha hodi akakosa wa kumwitikia.

Pikipiki ya Bienfait ikapata abiria, ikaondoka. Posta akaitazama mpaka kona. Moyo ukamwambia: sasa hata ukisema hawezi kufika, utamchoma bure. Ndivyo mwoga anavyofanya. Anasubiri mlango ufungwe, kisha anasema, mimi nilitaka kutoka, ila angalieni, mlango umefungwa.

Nabintu alikwenda nyumbani, akarudi na birika la pili. Na birika la pili, kila anayekaa Tribinali anajua, ndilo la maneno makubwa.

— Mi nimefikiri — Diploma akaanza. — Hiyo ni dini. Kuna nabii amebaambia, musikae mu nyumba ya mawe, muzunguke maji mpaka mwisho ufike. Bahari, ziwa, ziwa. Bakimaliza ya saba, dunia inafungwa. Ndiyo wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Na Benitha?

— Anapikia mwisho wa dunia.

— Mwisho wa dunia unakula? — Antena akaguna. — Hapana, Mwalimu. Hawa banahesabu maji. Kwanza bahari, pili ziwa, tatu ziwa ingine. Kesho bako hapa kwetu, mu Ziwa Nakivale, banapima, banaandika, kesho kutwa ziwa haiko.

— Ziwa linabebwaka?

— Dhahabu ya kule kwetu ilibebwaka na mulima wake.

Tani akakishusha kikombe chini. Tani akikishusha kikombe, ujue jambo limekomaa.

— Nyote munapiga kando — akasema. — Hawa bazungu bako banajifunza.

— Banajifunza nini?

— Ukimbizi.

— Tani!

— Leta foto ya tatu. Angalia. Mustari! Kila muntu na sahani yake mukononi. Benitha mbele, anagawa na mwiko. Mafiga matatu, kuni. Angalia huyu muzee wa kofia, anabeba nini? Jerikani! Bameona dunia inaharibika, bakasema, tutafute muntu anayejua hii kazi toka utoto, atufundishe mbele ya siku ile. Benitha si mupishi. Benitha ni profesa.

— Na juu ya nini banacheka? — Antena akauliza, pua karibu na kioo. — Mu mustari wetu nani alicheka?

— Ni mwezi wao wa kwanza.

Walicheka tena, lakini chini chini, na kicheko kikaisha kabla ya wakati wake. Nabintu aliichukua simu akaitazama ile picha ya mstari muda mrefu. Kidole chake kiliuzunguka uso wa binti yake bila kuugusa.

— Bote bana sahani — akasema. — Huyu anayegawa, yeye anakula saa ngapi?

Tani akakiokota kikombe chake.

Rimu ya gari inayoning'inia pale kanisani ikagongwa mara sita. Saa sita. Posta aliuhesabu kila mlio wake. Huko Ruti gari lilikuwa linawashwa sasa. Alijaribu kuifikiria ile barabara ya Kabale, akaona dirisha tu, na uso kwenye dirisha, umegeukia nyuma. Kahawa ilikuwa mkononi, akainywa ikiwa ya moto, ikamuunguza ulimi, akaona ni haki.

— Nimekata shauri — Nabintu akasema ghafla. Alisimama, akaanza kukusanya vikombe, hata cha Tani kilichokuwa bado na robo. — Kesho asubuhi ninaenda Mbarara. Nitauliza magari ya Mombasa. Ninamufuata.

— Mama Benitha — Diploma akasema kwa upole — unajua njia?

— Nilitoka Mwenga kwa miguu, mutoto mumoja mugongoni, mumoja mukononi. Nani alinionyesha njia?

— Ile ilikuwa vita.

— Na hii ni nini? Nyinyi bote munasema mutoto wangu ako mu hema. Mumoja anasema vita, mumoja anasema nabii. Nilimutoa mule ndani. Nililikata lile shitingi na mikono yangu. Sasa nikae hapa nikunywe kahawa?

Posta akasema, na sauti haikuwa yake:

— Usiende, mama Benitha.

— Juu ya nini nisiende?

— Hutamukuta.

— Umejua wapi sitamukuta?

— Nasema... Mombasa ni kubwa.

Nabintu akamtazama. Kisha akainamisha birika juu ya kikombe cha Posta, kwa sababu ni mwanamke wa heshima na hawezi kumwacha mtu aliyemfungulia sauti miaka tisa bila cha mwisho. Yakatoka matone matatu na machicha ya tangawizi.

— Imekwisha — akasema.

Lakini hakuna aliyeondoka. Jumapili ndivyo ilivyo, mtu anakalia hata benchi lisilo na kahawa. Antena akasuka nywele zake mwenyewe, Diploma akasinzia, Tani akaanza kueleza jinsi hema linavyofungwa kamba, kana kwamba wengine walilala hotelini. Nabintu alikaa na beseni magotini akihesabu kwa vidole nguo za kubeba. Ilikuwa inakaribia saa nane pikipiki yenye namba ya Mbarara ilipopanda kile kilima kidogo, vumbi nyuma yake, ikasimama mbele ya goti la Diploma. Aliyeshuka alikuwa mtu mzima wa kofia ya Kiislamu, shati limelowa mgongoni, kavera nyeusi, mfuko wa plastiki, imefungwa kwenye usukani.

— Jambo sana, bassebo, bannyabo — akawasalimu mabwana na mabibi. — Radhi, nimeingia Jumapili yenu. Mimi naitwa Hamim, duka yangu iko Ruti kwa barabara ya Kabale. Natafuta mama anaitwa Nabintu.

Beseni likatulia magotini.

— Ni miye.

Hamim akaivua kofia, akaivaa tena. Hakujua aanzie wapi, hilo lilionekana.

— Nnyabo, msichana yako alikuwa kwa duka yangu. Benitha. Alifika saa mbili na magari ya bazungu, wale wa kulala nje. Wenzake walienda soko, yeye alikaa. Aliomba stuli mbili, akaweka mbele ya duka. Mteja akitaka kukaa anasema hapana, hizi ziko na wenyewe. Alinunua soda, akaiweka kwa maji baridi. Kila taksi ikitoka upande wa Isingiro, huku kwenu, anasimama.

Nabintu alilishika beseni kwa mikono miwili. Mdomo wake ulikuwa umefunguka kidogo tu.

— Saa sita dereva akapiga honi. Akaomba dakika kumi. Akapewa. Akaomba tena. Wale bazungu si wabaya, mmoja alilia na yeye, lakini lazima wafike ziwa Bunyonyi kabla ya giza, wapige mahema. Basi wameenda. Aliniambia nilete hii. Mimi siku yangu ya kuja huku ni Jumanne, lakini banange, ile machozi, nikasema siwezi kulala nayo.

Akafungua kavera. Kisanduku cha simu kipya. Kitu cha kitambaa kimefungwa kwa gazeti. Chupa ya soda.

— Ilikuwa baridi wakati nilitoka — Hamim akasema, kama anayeomba msamaha kwa ajili ya jua.

— Alikuwa Ruti — Nabintu akasema. — Leo.

— Leo, nnyabo. Na alituma habari. Ndiyo kitu mimi sielewi. Alinionyesha kwa simu yake, sauti, ya Alhamisi, imetumwa kwa namba ya huku kwenu. Leo alipiga hiyo namba mara nane, imefungwa. Lakini ile sauti ilikuwa na alama mbili za bluu. Hizo maana yake imeshafunguliwa. — Akawatazama wote, mmoja mmoja, bila ubaya wowote, mtu wa dukani anayeuliza bei. — Mimi ni mgeni, mambo yenu siyajui. Nauliza tu. Nani aliisikia?

Nzi alitembea kwenye ukingo wa birika, na watu wanne walimtazama nzi.

Wa tano alikuwa ameinamisha kichwa. Simu ilikuwa mapajani mwake, imefichwa nusu na koti. Kidole gumba kilikuwa kimeubonyeza ule mstari mpaka ukageuka rangi, na kioo kilikuwa kinamuuliza kama afute. Hakujua anafanya nini, baadaye aliapa hivyo. Aliona tu kwamba ule mstari ukifutika, labda hata Alhamisi itafutika.

— Posta — Tani akasema.

Kidole hakikuondoka.

— Posta, kidole yako inafanya nini?

Na Tani Moja, ambaye upepo humyumbisha, akamdaka kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua anayo. Akauinua mkono ule juu, juu kabisa, jinsi anavyoinuliwa mwizi wa kuku sokoni, na simu juu yake inawaka.

— Angalieni! Alikuwa anafuta!

Diploma akavaa miwani, akainuka kwa goti lake baya, akasoma kwa sauti ya darasani, maana hakuwa na sauti nyingine:

— Benitha. Alhamisi. Saa kumi na moja na dakika nane za jioni.

Nabintu akaliweka beseni chini. Akasimama. Hakukimbia wala hakupiga kelele, na waliokuwepo wanasema afadhali angepiga. Aliichomoa simu kwenye vidole vya Posta kama mtu anayechuma ganda la haragwe. Kutumia hajui. Lakini miaka tisa alikuwa amekitazama kile kidole gumba kikifanya kazi, na mahali pa kubonyeza alipajua.

Waya haukuwa umechomekwa. Sauti ikatoka kwa wote, mpaka njiani, mpaka kwa watu wa ibada ya pili waliokuwa wanatoka. Haikuanza mwanzo. Iliendelea pale ilipokatiwa.

— "...kwa kazi. Safari hii aje kama mgeni wetu. Usije peke yako, mama, uje naye, umwambie ni mimi nimemwita. Nimemshonea shati, kipimo nimekikisia tu kwa sauti yake, kama halimtoshi asinicheke. Miaka yote hii amekuwa masikio yako na masikio yangu, na uso wake siujui. Nitaweka viti viwili."

Ikaisha. Hamim akakitazama kile kitu kilichofungwa kwa gazeti. Nabintu hakumtazama mtu. Aliitazama simu, kana kwamba kuna neno limebaki ndani.

Tani akauachia ule mkono. Haukushuka. Ulibaki juu wenyewe, mbele ya watu wote wa Rubondo, kama wa mwanafunzi anayelijua jibu.